Mchoro wa mchanga wa Wanavajo ukitundikwa ukutani bado unaponya?

Swali: Nafundisha sanaa sekondari, Morogoro. Ndugu yangu anayeishi Marekani ameniletea picha ya mchanga iliyogandishwa kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 30. Nyuma imeandikwa kuwa ni ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na kwamba inahusu uponyaji. Inaponyaje? Hutengenezwaje hasa? Na ninaweza kuwafundisha wanafunzi wangu mbinu hii bila kuwakosea adabu wenyewe?

Jibu: Mwalimu, picha uliyoletewa haiponyi, na aliyeitengeneza anajua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Mchoro wenye kutibu huchorwa sakafuni, mgonjwa akakalishwa juu yake, kisha ukafutwa ndani ya siku hiyohiyo. Huo wa ubaoni ni kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, na kwa kawaida fundi huwa amebadilisha kitu ndani yake kwa makusudi ili isiwe dawa. Nitalirudia hilo baadaye.

Kwa msomaji wa Kiswahili, njia ya mkato ya kulielewa jambo hili ni kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikasuuzwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Sahani ambayo haijasuuzwa, hata hati iwe nzuri namna gani, bado haijamtibu mtu. Imani hizi mbili hazina uhusiano wowote, lakini mantiki ya kitendo inafanana: alama takatifu huingia mwilini kwa kuondoka pale ilipoandikwa. Kinachopotosha ni kuufananisha mchoro huu na ramli, ingawa jina la ramli lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu la mchanga. Ramli hupigwa ili kuuliza. Mchoro wa Wanavajo hauulizi kitu. Unapoanza kuchorwa, chanzo cha ugonjwa kimeshajulikana.

Wanavajo hujiita Diné, na nchi yao imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, makao makuu yakiwa Window Rock. Mchoro huu wao huuita iikááh, neno lenye maana ya mahali wanapoingia na kutoka Watakatifu, wale viumbe wa kimungu waitwao Diyin Dine'é. Kwa hiyo neno lenyewe halisemi “picha”. Linasema mlango. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata yatajieleza.

Ugonjwa, kwa fikra zao, ni dalili kwamba mtu ametoka kwenye hózhó, hali ya mambo yote kukaa sawa: uzuri, afya, utulivu na uhusiano mwema na watu, wanyama na ardhi. Huenda aligusa mti uliopigwa radi, alimdhulumu nyoka au dubu, alikaribia maiti, au alivunja mwiko bila kujua, pengine miaka mingi iliyopita. Mwenye kutafuta chanzo ni mtu mwingine, si mganga atakayetibu: yuko ambaye mkono wake hutetemeka na kumwongoza, na yuko anayetazama nyota. Yeye ndiye anayeieleza familia ni tambiko gani linafaa. Tambiko la Njia ya Milima, kwa mfano, huhusishwa na madhara ya dubu, na Njia ya Mishale na radi na nyoka. Njia ya Usiku hutafutwa zaidi kwa maradhi ya kichwa, macho, masikio na kupooza. Hii ya Usiku na ile ya Milima hufanywa majira ya baridi tu, radi zikiwa zimenyamaza na nyoka wamejificha.

Ndipo anapoitwa hataałii, yaani mwimbaji. Jina hilo litushtue kidogo sisi tunaotazama picha. Mtaalamu wa tiba hii hakuitwa mchoraji. Kiini cha tambiko ni nyimbo na sala, mamia ya nyimbo katika tambiko kubwa, na zote ziimbwe kwa mpangilio wake bila kuruka neno. Mchoro ni kiungo kimoja ndani ya hizo nyimbo, pamoja na dawa za mitishamba, kutapishwa, jasho la moto, na kuoga kwa povu la mizizi ya yuka, mmea wa nchi kavu. Mwimbaji hujifunza kwa miaka chini ya mzee, na wengi humudu tambiko kubwa moja au mawili tu maishani. Hakuna daftari la michoro. Kuna mamia ya michoro inayojulikana, na kila mmoja unakaa kichwani mwa anayeruhusiwa kuutumia.

Matambiko hupimwa kwa idadi ya usiku: mbili, tano au tisa. Katika yale marefu, siku za mwanzo ni za kumtakasa mgonjwa, na michoro mikubwa hufanywa siku za mwisho, mmoja kila siku. Yote haya hufanyika ndani ya hogani, nyumba ya magogo na udongo ambayo mlango wake huelekea mashariki.

Sasa kazi yenyewe. Moto wa katikati huondolewa. Mchanga mkavu, safi, wa rangi ya hudhurungi hafifu huingizwa ndani kwa mablanketi na kutandazwa sakafuni, katika matambiko makubwa unene wa sentimita saba hivi. Husawazishwa kwa ule ubao bapa ambao wafumaji hutumia kugandamizia nyuzi. Tandiko hili likiwa na mawimbi, au likiwa na unyevu, kila mstari utakaofuata utapinda au kudidimia, kwa hiyo husawazishwa kwa subira.

Rangi zimetoka ardhini. Jiwe-mchanga jekundu, la njano na jeupe husagwa juu ya jiwe mpaka liwe chembe laini. Nyeusi ni mkaa, lakini mkaa peke yake ni mwepesi mno, hupeperuka na kushika vidole, ndiyo maana huchanganywa na mchanga ili upate uzito. Ile tunayoiita buluu kwenye michoro hii mara nyingi ni kijivu: mkaa uliochanganywa na unga mweupe. Ukiizungushia nyekundu na njano, jicho linaiona buluu. Ni ujanja wa macho ambao mwalimu wa sanaa atauthamini. Rangi hizo huwekwa kwenye vipande vya magome ya miti, na kila mchoraji huwa na vyake karibu. Katika Njia ya Baraka, ambayo hulinda zaidi kuliko kutibu, michoro huwa michache na midogo, na badala ya mawe yaliyosagwa hutumika unga wa mahindi, chavua na maua yaliyopondwa.

Mchoro wa kawaida una upana wa karibu mita 1.8, na watu wanne hadi sita huumaliza kwa saa tatu mpaka tano. Ipo midogo ya sentimita 30 na ipo mikubwa ya mita sita. Wachoraji kwa desturi ni wanaume wenye kulijua tambiko. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hujiepusha, kwa sababu nguvu inayoitwa mle ndani huhofiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwimbaji mwenyewe si lazima achore. Mara nyingi hukaa pembeni, akaelekeza na kukosoa.

Huanza katikati na kutoka nje, ili mtu asije akakanyaga alichokichora. Kwa mistari mirefu iliyonyooka hutumia uzi uliokazwa. Mengine yote ni mkono mtupu. Mchoraji huchota rangi kidogo kiganjani, akaiachia ipite kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada kilichokunjwa. Ukitazama kwa karibu utaona vidole vyenyewe karibu havichezi. Kinachokwenda ni mkono mzima, na unene wa mstari hutokana na kasi yake: ukienda polepole mstari unanenepa, ukiharakisha unakatika vitone. Umbo la mtu huchorwa kwanza mwili mzima kwa rangi yake, halafu ndipo linavishwa: kibwebwe, vito, manyoya kichwani, vitu vya mkononi, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo chini ya nguo unayoiona kuna mwili uliokamilika usiouona, na hakuna anayeruka hatua hiyo kwa kuwa haionekani.

Wakikosea hawafuti. Huchukua mchanga wa tandiko, wakaunyunyiza juu ya kosa mpaka lifunikwe, kisha wakachora upya juu yake. Kosa dogo la namna hiyo halina neno. Kosa la kuacha alama isiyo yake, au kubadili mpangilio, ni jambo jingine. Huaminika kwamba tiba haitafanya kazi, na kwamba madhara yanaweza kumrudia mgonjwa au mwimbaji mwenyewe.

Michoro mingi ina kitovu, huenda maji, mlima au makao, na maumbo ya Watakatifu yakielekea pande nne. Pande hizo zina rangi: mashariki nyeupe, kusini buluu ya feruzi, magharibi njano, kaskazini nyeusi. Ni rangi za milima minne mitakatifu inayozunguka nchi yao. Mmojawapo ni Mount Taylor wa New Mexico, ulio kusini, wao huuita Tsoodził. Kati ya maumbo huota mimea minne: mahindi, maharage, boga na tumbaku. Kisha pande tatu za nje huzungukwa na umbo refu jembamba, mara nyingi upinde wa mvua wenye kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili. Huyo ni mlinzi. Upande wa mashariki huachwa wazi, kwa sababu ndiko wanakoingilia Watakatifu, na hapo huwekwa walinzi wawili wadogo. Itazame picha yako: ukiuona upinde umefunga pande zote nne, ujue fundi hakusahau. Ameufunga mlango.

Mchoro ukimalizika bado ni mchanga tu. Mwimbaji huunyunyizia unga wa mahindi au chavua na kuuombea, na ndipo unapopata uhai. Mgonjwa huingia, naye akaunyunyizia unga, akavua nguo zake nyingi, akaketi juu ya umbo, uso ukielekea mashariki. Nyimbo zinaendelea. Mwimbaji hulowanisha viganja kwa maji ya dawa, akavigandamiza kwenye miguu ya umbo lililo mchangani, kisha akavigandamiza kwenye miguu ya mgonjwa. Chembe za rangi hunata kwenye ngozi. Huendelea hivyo goti kwa goti, kiganja kwa kiganja, kifua kwa kifua, mpaka kichwani. Mgonjwa hunywa ile dawa na kufukizwa. Akiinuka, mchoro umekwisha kuvurugika chini yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kilichotokea, kwa maelezo yao, ni mabadilishano. Nguvu za Watakatifu zimepita kwa mgonjwa, na uovu uliokuwa ndani yake umemezwa na mchanga. Ndiyo maana mchanga ule haubaki ndani. Mwimbaji hufuta kilichosalia kwa fimbo yake yenye manyoya, mchanga ukakusanywa kwenye blanketi, ukatolewa nje na kumwagwa upande wa kaskazini. Kuuacha ulale humo ni sawa na kuacha maji ya kuogea mgonjwa karibu na chakula.

Simulizi lao la asili linaongeza sababu nyingine, na lilinukuliwa na daktari wa jeshi la Marekani, Washington Matthews, aliyeandika juu ya Njia ya Milima mwaka 1887 na Njia ya Usiku mwaka 1902. Watakatifu walikuwa na michoro hiyo kwenye kitambaa cha kukunjuliwa, lakini walikataa kuwapa wanadamu kitu cha kudumu. Walisema wanadamu wangeigombania na kuiharibu. Wakaagizwa wachore mchangani.

Umeuliza inaponyaje. Mimi ningejibu kwa kutenganisha mambo mawili. Wanavajo wenyewe hutenganisha: mtu aliyevunjika mguu hupelekwa hospitali kuungwa mfupa, na tambiko hufanywa kushughulikia kwa nini alianguka. Baadhi ya hospitali katika eneo lao zina hogani kwenye viwanja vyake, na mgonjwa hupita kwa daktari na kwa mwimbaji bila kuona mgongano. Wanajeshi waliorudi kutoka vitani nao hufanyiwa Njia ya Adui. Upande wa pili, mtu asiyeamini Watakatifu bado ataona hapa mambo yenye uzito: ukoo mzima umeacha shughuli zake kwa siku kadhaa, umechinja kondoo, umemlipa mwimbaji (malipo ni sehemu ya tiba, ya bure huhesabiwa kuwa haina nguvu), na mgonjwa amekaa katikati ya dunia iliyopangwa upya kwa ajili yake. Kudai kwamba mchanga huo hutibu saratani au kifua kikuu ni kuwasingizia, na anayeuza “uponyaji wa mchanga” kwenye semina za wikendi hana mwimbaji nyuma yake.

Imefikaje ubaoni, basi? Mwimbaji mmoja aliyekuwa pia mfumaji hodari, Hosteen Klah, alianza kufuma michoro hiyo kwenye mazulia mnamo mwaka 1919. Majirani walimhofia kuwa atapofuka. Hakupofuka, na mwaka 1937, mwaka aliofariki, ilifunguliwa jumba la makumbusho huko Santa Fe ambalo alilianzisha pamoja na Mary Cabot Wheelwright, Mmarekani tajiri wa Boston, kwa sababu aliona elimu yake ingemfia. Michoro ya kugandishwa kwa gundi ilishika kasi katikati ya karne ya 20, na Fred Stevens, naye mwimbaji, ni mmoja wa walioieneza. Eneo la Sheep Springs, New Mexico, likawa na mafundi wengi wa kazi hiyo, wanaume kwa wanawake. Suluhu yao ya kidini ndiyo hiyo niliyoitaja: kubadili rangi, kupunguza umbo, kugeuza mwelekeo. Hata hivyo wapo wazee ambao hawajawahi kuridhika nayo.

Kama picha yako ina msalaba uliopinda ncha, usiuchukulie kuwa ni nembo ya Wanazi. Ni magogo yanayozunguka juu ya maji, kutoka Njia ya Usiku. Mwaka 1940 wawakilishi wa Wanavajo na makabila jirani walitia sahihi tamko la kuacha kuitumia alama hiyo kwenye kazi zao kwa sababu ya Ujerumani, hivyo utaikuta kwa nadra kwenye kazi za miongo iliyofuata.

Darasani, fundisha mkono na uache maumbo. Msinakili Watakatifu, upinde-mlinzi wala mpangilio wa pande nne kutoka kwenye picha hiyo. Wanafunzi wachore vitu vyao: Milima ya Uluguru, mti wa mbuyu, mkeka. Waeleze kwamba mbinu ni ya Diné na kwamba kuna sehemu yake isiyofanyiwa mazoezi.

Usisage mawe darasani. Vumbi la jiwe-mchanga huharibu mapafu. Chukua mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa chekecheke ya unga, uoshe mara tatu, uanike mpaka uwe mkavu kabisa. Mchanga wa pwani una chumvi inayovuta unyevu, huo uoshe zaidi ama uuache. Kikombe kimoja cha mchanga kinatosha kijiko kimoja cha chai cha rangi ya ukili au rangi ya unga ya chakula iliyoyeyushwa kwa maji kidogo sana. Changanya, anika tena, chekecha tena. Nyeusi fanya kwa mkaa uliopondwa, kiasi kimoja kwa viwili vya mchanga, na ulowanishe mkaa kabla ya kuuponda. Matofali mekundu yaliyopondwa yanafaa pia, lakini ipondwe nje na mtu mzima aliyevaa barakoa.

Mazoezi yaanze kwenye sinia lenye tandiko la sentimita moja. Mkono uwe sentimita mbili au tatu juu ya mchanga. Juu zaidi ya hapo chembe hutawanyika, chini ya hapo vidole hukwangua tandiko. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kuchota mchanga mwingi na kuubana: jasho la kiganja huulowesha, ukaanza kutoka mabonge. Achote kiasi cha kijiko cha chai na apanguse mkono kila baada ya mistari michache. Feni izimwe.

Mkitaka ya kudumu, tumieni ubao au hadibodi. Gundi nyeupe ya mbao, sehemu mbili kwa moja ya maji, ipakwe ubao mzima, ukachekechewa mchanga wa tandiko, ukaachwa mpaka kesho. Kisha chora kwa penseli, upake gundi kwa brashi nyembamba eneo dogo la rangi moja tu, uachie mchanga, usubiri dakika chache, uinamishe ubao na kuugonga nyuma ili wa ziada uanguke. Rangi ya pili isianze kabla ya kwanza kukauka, la sivyo chembe zitanata mpakani na mstari utachafuka. Anza na maeneo mapana, mistari myembamba iwe ya mwisho. Gundi nzito mno huacha vilima vinavyopasuka, na nyepesi mno hunywewa na tandiko.

Mchanga unaoanguka kutoka kwenye ubao kinga kwa gazeti, ukiwa bado ni wa rangi moja uurudishe koponi. Ukishachanganyika hauchambuliki tena: huwa hudhurungi, na huo ndio tandiko lenu la wiki ijayo.